Kengele ya Alhamisi: Mchango wa kila wiki kwa mtu usiyemjua

Saa kumi na mbili na nusu jioni, siku ya Alhamisi, chumba cha nyuma cha hoteli moja ya mjini kwetu huanza kujaa. Anatangulia muuza vipuri wa mtaa wa stendi, mikono bado inanukia girisi. Anafuata muuguzi mstaafu ambaye hakuna anayepita mbele yake bila kumwamkia shikamoo. Baada yao wanaingia mwalimu wa sekondari, mhasibu wa kampuni ya mabasi, daktari wa meno, dada mwenye duka la vitambaa, na kijana wa benki ambaye hii ni mara yake ya tatu kuja kama mgeni. Mezani kuna chupa mbili za chai ya tangawizi, sahani ya sambusa na kikapu kidogo cha ukindu. Mimi nimekuja kwa ajili ya kikapu hicho.

Saa moja kamili rais wa klabu hii ya Rotary anagonga kengele ya shaba iliyo mbele yake. Mazungumzo yanakatika. Wanachama wanasimama, wanaimba wimbo wa taifa, kisha mmoja wao anasoma maswali manne ambayo kila mwana-Rotary anayajua kwa moyo: kama jambo ni la kweli, kama linawatendea haki wote wanaohusika, kama litajenga urafiki, na kama litamfaa kila mmoja. Wanaketi. Wageni wanatambulishwa kwa majina, kazi na wanakotoka.

Halafu anasimama sajenti. Huyu ni mwanachama aliyepewa kazi ya kulinda muda na nidhamu, na silaha yake ni faini. Aliyechelewa anatozwa. Ambaye simu yake imeita anatozwa. Aliyesahau beji nyumbani anatozwa, na aliyetokea kwenye televisheni wiki iliyopita bila kuwaarifu wenzake anatozwa maradufu. Kila faini inaambatana na kicheko, na sijaona hata mmoja aliyenuna, maana wote wanajua pesa inakwenda wapi.

Baada ya faini huja kile wanachokiita shilingi za furaha. Mwenye jambo la kumshukuru Mungu husimama, akalisema, akatia chochote kikapuni. Muuguzi mstaafu ndiye wa kwanza.

“Mjukuu wangu Jumapili amenisomea barua ya pensheni yangu, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama,” anasema. “Natoa elfu tano.”

Anaikunja noti mara mbili, anaitia kikapuni. Muuza vipuri anatoa elfu kumi kwa kuwa mkewe ametoka hospitali. Kijana wa benki anasita, kisha anainuka na kusema hana habari kubwa, ila anashukuru kwamba wazee wamemkaribisha, naye anatoa elfu mbili.

“Mgeni akitoa, mwenyeji hana udhuru,” anasema sajenti, na kikapu kinazunguka tena.

Kabla ya kengele ya kufungia, mweka hazina anamwaga noti na sarafu mezani, anaita shahidi, anahesabu mbele ya macho ya wote, anaandika kwenye daftari la mistari na kusoma kwa sauti: Sh87,500. Kisha anasoma jumla iliyokusanywa tangu Julai, mwezi ambao mwaka wa Rotary huanza, na jinsi ilivyotumika: kiasi gani kimelipa mafundi wa tangi la maji la shule ya msingi, kiasi gani kimekwenda kwenye mfuko wa polio, kiasi gani kimebaki benki.

Sitaitaja klabu hii. Ninachotaka kukieleza ni desturi, na desturi hii utaikuta karibu hivyo hivyo Nairobi, Kampala, Bujumbura au Lubumbashi.

Mchango wenye uso na usio na uso

Sisi ni watu wa michango. Mtanzania asiyekuwa na kadi ya mchango wa harusi mfukoni ana kundi la WhatsApp la kamati ya harusi kwenye simu, na mara nyingi anavyo vyote viwili. Tunachangiana misibani, tunachangiana hospitali, tunacheza upatu, tunaweka hisa kwenye VICOBA. Mababu zetu walikuwa na msaragambo. Majirani zetu Wakenya wameliandika neno Harambee kwenye nembo ya taifa lao, na kwa harambee walijenga shule nyingi katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Kutoa hatukufundishwa na mgeni.

Lakini karibu michango yetu yote ina uso. Namchangia bwana harusi kwa kuwa ni mtoto wa dada, au kwa kuwa baba yake alinichangia mimi. Natoa kwenye msiba wa jirani kwa kuwa kesho msiba ni wangu. Huo ni wema wa kweli, na umetushika pamoja wakati ambapo serikali na benki zilikuwa mbali nasi. Hata hivyo una mpaka wake. Mtoto wa kijiji nisichokijua, ambaye baba yake hatakuja kunichangia kamwe, hana kamati wala kadi.

Kikapu cha Alhamisi kinamfikia huyo. Ndiyo maana nimerudi kwenye chumba kile wiki baada ya wiki. Watu wale wanatoa kidogo, wanatoa kila wiki, wanampa wasiyemjua, na wanasomewa hesabu papo hapo. Mambo hayo manne yakikaa pamoja, hufanya kazi ambayo mchango mkubwa wa mara moja haujawahi kuifanya.

Ilikoanzia

Asili ya desturi hii ni upweke wa mtu mmoja mjini. Paul Harris alikuwa wakili kijana Chicago, Marekani, aliyelelewa katika mji mdogo ambako kila mtu alimjua mwenzake. Jioni ya Februari 23, 1905 alikutana na wenzake watatu: Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi nguo. Walikaa katika ofisi ya Loehr, chumba namba 711 cha jengo la Unity. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na kutokana na kuzunguka huko wakapata jina la Rotary.

Mwanzoni walikuwa watu wa kufahamiana na kusaidiana kibiashara. Haikupita miaka mingi wakaanza kujiuliza mji unapata nini kutokana nao. Miongoni mwa kazi zao za kwanza za kijamii ilikuwa kupigania choo cha umma katikati ya Chicago, kwa ajili ya wapita njia wasiokuwa na pa kujisitiri. Napenda mwanzo huo. Hawakuanza na mnara wala sanamu. Walianza na choo.

Mwaka 1917, katika mji huo huo, wakala wa bima Melvin Jones alianzisha Lions, klabu ambazo tangu mwaka 1925, baada ya kusikia wito wa Helen Keller, zimeifanya huduma ya macho kuwa kazi yao kuu. Ukimwona mzee aliyetolewa mtoto wa jicho kwenye kambi ya bure, uliza nani aliyelipia. Mara nyingi jibu litakupeleka kwenye klabu ya namna hii.

Afrika Mashariki ilipata klabu yake ya kwanza ya Rotary Nairobi mwaka 1930, na Dar es Salaam ikafuata mwaka 1949. Tusifichane: zama hizo zilikuwa klabu za wakubwa wa kikoloni na wafanyabiashara, na Mwafrika wa kawaida aliingia chumba kile kuhudumu tu, trei mkononi. Wanawake nao walizuiwa duniani kote. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987, na mwaka 1989 Rotary ikabadilisha kanuni zake na kuwafungulia mlango. Leo klabu ninayoisimulia inaongozwa na mwanamke, na mweka hazina wake ni mwanamke.

Mwafrika wa kwanza kuiongoza Rotary ya dunia alikuwa wakili wa Nigeria, Jonathan Majiyagbe, mwaka 2003 hadi 2004. Wa pili angekuwa jirani yetu, Sam Owori wa Uganda, mtu wa benki aliyejulikana kwa msimamo wake juu ya uongozi safi. Alikwisha kuchaguliwa kushika nafasi hiyo mwaka 2018, lakini akafariki dunia Julai 2017, mwaka mmoja kabla ya kuapa. Wana-Rotary wa ukanda huu bado wanamtaja kama mtu anavyomtaja kaka mkubwa.

Elfu tano inavyosafiri

Msomaji atauliza: Sh87,500 inajenga nini? Peke yake haijengi kitu. Jibu liko katika njia inayopita.

Mwaka 1917, rais wa Rotary wa wakati huo, Arch Klumph, alipendekeza uwepo mfuko wa kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City: dola 26 na senti 50. Kwa miaka mingi mfuko ulikua kwa kusuasua. Paul Harris alipofariki mwaka 1947, michango ya kumkumbuka ilimiminika kutoka kila upande, na mfuko ukasimama kwa miguu yake.

Utaratibu wa leo ni huu. Fedha ambazo klabu hupeleka kwenye mfuko wa mwaka huwekezwa kwa miaka mitatu. Baada ya hapo sehemu yake hurudi kwa wilaya ya Rotary iliyochangia, ili igharamie miradi yake. Kwa mradi mkubwa, klabu ya hapa hutafuta klabu rafiki ya nchi nyingine, iwe Ujerumani, India au Kanada, na kwa pamoja huomba ruzuku ya dunia. Mradi wa ruzuku hiyo lazima uwe na bajeti isiyopungua dola 30,000, klabu za nchi mbili tofauti, na maelezo ya jinsi wananchi wenyewe walivyoulizwa wanahitaji nini. Kwa hiyo tangi la shule, ambalo kikapu pekee kingelijenga kwa miaka, linaweza kufungua mlango wa visima vya kata nzima.

Mtu akikuambia kwamba wazungu wametuletea mradi, mwulize nani aliyeandika andiko, nani aliyezunguka vijijini kuhesabu ndoo na vyoo, nani aliyetoa shilingi ya kwanza. Bila Alhamisi za hapa, klabu rafiki ya kule isingekuwa na wa kushirikiana naye.

Nimemwona mweka hazina wa klabu hii akikataa kupokea mchango kwa maneno. Mwanachama mmoja alisema, “Andika elfu hamsini, nitaleta mwisho wa mwezi.” Mama yule akaweka kalamu chini.

“Baba, daftari hili halijui kesho. Ukileta, nitaandika.”

Watu walicheka, lakini nilimwelewa. Sote tumeona harambee ambazo ahadi zake zilipigiwa makofi na fedha hazikuonekana. Kenya ilifika mahali pa kuliwekea jambo hili mipaka ya kisheria: sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilibana mwanya wa viongozi kutumia vyeo vyao kuchangisha. Daftari lisilojua kesho linafanya kazi hiyo hiyo bila askari.

Matone mawili

Nina sababu yangu ya kulitazama kwa makini lile fungu la polio.

Nilikulia mkoani Mbeya. Darasa la tatu nilikaa dawati moja na mvulana aliyetembea kwa kubonyeza paja lake la kulia kwa kiganja kila alipopiga hatua. Bila mkono ule, goti lilikunjika akaanguka. Kwa hiyo hakuwahi kushika kitu mkono wa kulia akiwa njiani; daftari na kidumu cha maji alivibeba kushoto. Suruali yake ilitoboka kwenye paja kabla ya kutoboka makalioni kama zetu. Watu wazima walisema alipooza baada ya homa akiwa na miaka miwili. Wengine walinong’ona mambo ya uchawi. Mama yake aliuza mbuzi, akaenda kwa waganga, akarudi na mtoto yule yule.

Haukuwa uchawi. Ilikuwa polio, ugonjwa wa virusi vinavyosambazwa na kinyesi kwenye maji, chakula na mikono. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, lakini takriban mtu mmoja kati ya kila 200 hupooza moja kwa moja, na wanaoathirika zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Dawa ya kuuponya haipo hadi leo. Kinga ipo, nayo ni matone mawili mdomoni, yarudiwe mara kadhaa.

Rotary iliingia katika vita hii mwaka 1979, ilipoahidi kusaidia kuwachanja watoto milioni 6 wa Ufilipino. Mwaka 1985 ilitangaza mpango wake wa dunia nzima, PolioPlus, ikalenga kukusanya dola milioni 120. Hadi mwaka 1988 klabu, pamoja na vikapu na faini zake, zilikuwa zimekusanya dola milioni 247. Mwaka huo huo nchi za dunia zilikubaliana kuutokomeza ugonjwa huo. Wakati huo ulikuwa umeenea katika nchi 125 na ulikuwa ukipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Leo virusi vya asili vimebaki kuwa wenyeji katika nchi mbili tu, Afghanistan na Pakistan. Agosti 25, 2020 kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Mfuko wa Gates umekuwa ukiongeza dola 2 juu ya kila dola 1 ya Rotary, hadi dola milioni 50 za Rotary kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo elfu tano ya muuguzi, ikifika kwenye mfuko wa polio, inakuwa elfu kumi na tano.

Kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza kwamba mtoto wa Lilongwe amepoozwa na virusi vya asili vilivyotokana na vya Pakistan. Afrika ilikuwa imekaa zaidi ya miaka mitano bila mgonjwa wa namna hiyo. Baadaye Msumbiji nayo ikapata wagonjwa. Tanzania haikusubiri. Machi mwaka huo chanjo ya nyumba kwa nyumba ilianza katika mikoa ya mpakani: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Ilikuwa kazi ya serikali pamoja na ushirika wa dunia unaojumuisha Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine, na katika ushirika huo Rotary ni mwanachama tangu mwanzo.

Nilikuwa nyumbani wiki zile. Rafiki yangu wa dawati sasa ni fundi cherehani, ana kibaraza chake karibu na barabara. Tulikuwa tumekaa naye pale walipofika wachanjaji wawili, mmoja dada wa kituo cha afya, mwingine kijana wa kijiji aliyebeba boksi la barafu begani. Dada yule alitoa kichupa, akakigeuza na kukiangalia kabla ya chochote. Nilimwuliza anaangalia nini. Akanionyesha mraba mdogo mweupe ndani ya duara kwenye lebo.

“Joto likiizidi chanjo, huu mraba unakuwa mweusi. Ukilingana na duara, tunaitupa,” alisema.

Mraba ulikuwa mweupe. Mjukuu wa rafiki yangu, binti wa mwaka mmoja na nusu, alishikwa mashavu, akadondoshewa tone la kwanza, akakunja uso, akadondoshewa la pili. Kijana akatoa kalamu ya wino usiofutika, akapaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kuanzia kwenye ukucha. Kisha akaandika kwa chaki kwenye fremu ya mlango, ili watakaopita nyuma yao wajue nyumba hii imekwisha. Haikuchukua dakika tatu.

Rafiki yangu aliwauliza swali moja. “Hii tunalipa shilingi ngapi?”

“Bure, baba.”

“Nani amelipa?”

Dada alifunga boksi lake, akafikiri kidogo. “Hata mimi simjui,” akasema, wakaenda nyumba ya pili.

Jumapili za kukimbia

Kikapu si njia pekee. Kila klabu ina kalenda yake ya kuchangisha: chakula cha jioni chenye mnada, bahati nasibu, mashindano ya gofu, na siku hizi mbio za barabarani. Dar es Salaam ina Rotary Dar Marathon, ambayo kwa miaka mingi imefungamanishwa na Siku ya Nyerere, Oktoba 14. Nafurahi kwamba siku ya kumkumbuka mtu aliyehubiri ujamaa inaadhimishwa na maelfu wakitoka jasho kwa ajili ya wengine. Kampala ina Rotary Cancer Run, iliyoanza mwaka 2012 kwa ajili ya kujenga kituo cha matibabu ya saratani katika Hospitali ya Nsambya. Waganda hununua fulana, huvaa, hukimbia au hutembea, na mwaka unaofuata hununua tena. Jengo limepanda fulana kwa fulana.

Nimeshiriki mbio moja ya klabu ninayoisimulia, ndogo, ya kilomita tano. Ukiiangalia kwa nje ni sherehe: muziki, watoto, maji ya chupa. Ukiingia ndani unaona kazi. Wiki sita kabla, kila Alhamisi kulikuwa na ripoti: nani amepeleka barua kwa wafadhili, nani amepata kibali cha polisi, fulana ngapi zimeagizwa na zipi zimelipiwa. Muuza vipuri aliuza tiketi kwa kila dereva aliyekuja kununua pleti za klachi. Jioni ya siku ya mbio, wengine walipokwenda kuoga, mweka hazina na mashahidi wake wawili walikuwa bado wanapanga noti mafungu mafungu kwenye meza ya plastiki. Alhamisi iliyofuata hesabu ilisomwa, ikiwa ni pamoja na gharama ya maji yaliyobaki.

Panapouma

Ninazipenda klabu hizi, na kwa sababu hiyo nasema na yanayouma.

La kwanza ni lugha. Vikao vingi katika nchi yetu bado huendeshwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo chumba kizima kimezaliwa kwenye Kiswahili. Fundi seremala mwenye moyo wa kutoa anaketi pembeni kama mgeni katika mji wake. Katika klabu ninayoisimulia walibadilisha miaka michache iliyopita, wakaamua faini na furaha zisemwe kwa Kiswahili. Mwalimu wa sekondari aliniambia tangu hapo kikapu kimekuwa kizito, na sishangai. Mtu hutania na kushukuru vizuri zaidi kwa lugha aliyolelewa nayo.

La pili ni gharama. Ada ya mwaka ikijumlishwa na chakula cha hoteli kila wiki ni mzigo kwa mwalimu au muuguzi. Tangu mwaka 2016 Rotary imezipa klabu uhuru mkubwa wa kupanga vikao vyao, na baadhi sasa hukutana kwa chai tu, ofisini, asubuhi kabla ya kazi au kwa mtandao. Huo ndio mwelekeo unaofaa. Paul Harris na wenzake walikutana maofisini mwao, na klabu ikakua vizuri tu.

La tatu ni miradi inayokufa. Niliwahi kufika kijiji ambako klabu fulani ilichimba kisima. Kibao cha shaba kilikuwa kinang’aa ukutani, chenye majina ya wafadhili na tarehe ya uzinduzi. Pampu ilikuwa imekauka. Kipuri kilichovunjika kilikuwa mpira wa bei ya kilo mbili za sukari, lakini hakuna aliyefundishwa kuubadilisha na hakuna mfuko wa kuununua. Akina mama walikuwa wanapita mbele ya kibao kile na ndoo vichwani kwenda mtoni. Tangu siku hiyo, nikiona uzinduzi nauliza nani ana ufunguo, nani ana spana, na nani anakusanya shilingi mia ya ndoo. Klabu ninayoisimulia ilipojenga tangi la shule, kamati ya wazazi iliundwa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa, na kila baada ya miezi mitatu mwanachama mmoja huenda kufungua bomba na kuona maji yanatoka. Akirudi anatoa ripoti. Akisahau kwenda, anapigwa faini.

Zamu yangu

Wiki mbili zilizopita nilikwenda tena. Mtoa mada alikuwa daktari aliyezungumzia kisukari kwa dakika ishirini, na sajenti akamkatisha kwa heshima muda ulipokwisha. Kijana wa benki sasa amevaa beji. Aliapishwa mwezi uliopita, na ndiye aliyebeba kikapu.

Zamu ya furaha ilipofika, kikapu kikasimama mbele yangu. Kwa muda wote niliohudhuria nilikuwa nikijificha nyuma ya kalamu ya mwandishi. Sajenti akasema, “Mwandishi, leo hutoki.”

Nikasimama. Nikawaeleza habari za mvulana aliyetembea mkono ukiwa pajani, na za suruali iliyotoboka mahali pasipo pa kawaida. Nikawaeleza habari za kibaraza cha ushonaji, mraba mweupe kwenye lebo, na kidole kidogo kilichopakwa wino. Nikawaambia kwamba fundi yule aliuliza nani amelipa na akakosa jibu, na kwamba mjukuu wake sasa anakimbia, anapanda ngazi za kibaraza mikono yote miwili ikiwa na vitu. Nikataja jina la rafiki yangu, ambalo siliandiki hapa, kwa sababu nilitaka lisikike angalau mara moja kwenye chumba kile.

“Natoa elfu kumi,” nikasema.

Hawakupiga makofi. Muuguzi mstaafu, ambaye kazini kwake alidondosha matone yale kwa miaka isiyohesabika, alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishoni mweka hazina akamwaga pesa mezani, akaita shahidi, akahesabu. Nikanyoosha shingo nione anaandika nini kwenye mstari wangu. Kwenye safu ya maelezo, pale ambapo huandika “faini” au “furaha”, aliandika kwa mwandiko wake wa wima: “mjukuu wa fundi cherehani, Mbeya.” Kisha akavuta mstari, akajumlisha, akasoma kwa sauti.